Mtu na Raia: Ufundishaji wa Katiba Lodwar na Kakuma

Katiba ya Kenya, iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, ina sura 18 na vifungu 264. Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa Katiba ni nini, aghalabu hujibu kwamba ni sheria kuu ya nchi, kisha huzitaja sura zake kwa taratibu. Hajakosea, ila hajasoma kitu.

Kasoro hii haitokani na uvivu wa mwanafunzi. Inatokana na mazoea ya kuifundisha Katiba kama orodha, ilhali Katiba ni matini, na matini husomwa neno kwa neno. Katika Sura ya Nne, ihusuyo haki, maneno mawili hupokezana nafasi ya kiima: mtu na raia. Kifungu cha 38 humpa raia haki za kisiasa. Cha 43 humpa kila mtu haki ya afya na elimu. Kifungu cha 39 huyatumia yote mawili: uhuru wa kwenda huku na huko ni wa kila mtu, bali kuingia nchini na kuishi popote ni haki ya raia.

Huko Kakuma tofauti hiyo si ya kisarufi tu. Kambi ilianzishwa mwaka 1992, na shule zake hufuata mtaala wa Kenya. Wamo wanafunzi waliozaliwa kambini humo ambao, kwa mujibu wa kifungu cha 14, si raia, kwa kuwa wazazi wao si raia. Wanaposoma katika dibaji “sisi watu wa Kenya”, wana haki ya kuuliza “sisi” ni akina nani. Mwalimu akijibu kwamba Katiba ni ya wote, anadanganya. Akijibu kwamba haiwahusu, anadanganya zaidi. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilibatilisha agizo la serikali la kuwahamishia kambini wakimbizi waishio mijini, na mojawapo ya nguzo za hukumu hiyo ilikuwa kifungu hicho hicho cha 39. Neno “mtu” lilitosha kuwatetea.

Lodwar, kiasi cha kilomita 120 kutoka Kakuma, wanafunzi wengi ni raia, na huenda wakaona suala hili ni la wageni. Lakini Turkana yenyewe ilikuwa wilaya iliyofungwa wakati wa ukoloni. Kuingia na kutoka kulihitaji kibali. Kenyatta aliwekwa kizuizini Lodwar mwaka 1959 kwa sababu palikuwa mbali na pagumu kufikika. Kibali alichohitaji babu ndicho ambacho kwa miaka mingi jirani wa Kakuma amekihitaji ili asafiri. Kifungu cha 39 kingefundishwa kuanzia hapo, si kuanzia tarakimu yake.

Kifungu cha 259 kinaeleza kwamba matini za lugha mbalimbali zikihitilafiana, ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Hili laweza kumvunja moyo mwalimu wa Kiswahili. Hata hivyo, neno la Kiingereza la raia lina asili ya mji, ilhali letu latokana na Kiarabu, ambako lilimaanisha kundi la mifugo lichungwalo, kisha watawaliwa. Darasa la watoto wa wafugaji halihitaji ufafanuzi mrefu wa asili hiyo. Watauliza tu mchungaji ni nani, na hapo mwalimu awarudishe kwenye kifungu cha kwanza.