Kibao cha Kuongozea Msasa

Mapezi ya roketi za mfano huchongwa kwa balsa, mbao nyepesi ya Amerika ya Kusini inayoingia alama hata kwa ukucha. Wepesi huo ni sifa yake, na ndio unaomponza fundi: msasa hula haraka, na mkono, hata uliozoea kazi, hulemea kingo kuliko katikati. Mapezi matatu yaliyopigwa msasa bila kiongozi hayawi sawa, na roketi ikipaa, hewa hulisukuma kando lile lililonenepa upande mmoja, roketi ikazunguka kama pia au ikapinda njia.

Tangu Orville Carlisle, muuza viatu wa Norfolk katika jimbo la Nebraska, Marekani, aunde roketi yake ya mfano mwaka 1954, wapenzi wa kazi hii wamejitengenezea vifaa vyao wenyewe. Kibao cha kuongozea msasa ni kimojawapo, na uzuri wake hauelezeki bila vipimo.

Chukua pezi lenye unene wa mm 3, ukingo wa mbele na wa nyuma zikiwa sambamba. Hulazwa juu ya plaiwudi iliyonyooka, katikati ya fito mbili za mbao ngumu zilizogundishwa: wa mbele una kimo cha mm 4, wa nyuma mm 2. Kipande cha mbao chenye msasa hulala juu ya fito zote mbili, kikasuguliwa kufuata nyuzi za balsa. Msasa hubandikwa sehemu ya kati tu. Ncha zinazoteleza juu ya fito hubandikwa karatasi yenye unene uleule, fito zisilike. Kwa kuwa fito hazilingani kimo, kipande hulala kwa mteremko, na mteremko huo hufikia mm 3 nusu kabisa ya upana wa pezi. Basi nusu ya mbele haiguswi, na nusu ya nyuma hupungua taratibu mpaka mm 2 ukingoni. Msasa ukifika hapo huacha kula wenyewe.

Ugumu uko upande wa pili. Pezi likigeuzwa, nusu iliyokwisha kuchongwa huning'inia, na balsa hunepa ikibonyezwa. Fundi makini huingiza chini yake kabari nyembamba, inayoanza na sifuri na kuishia mm 1. Kabari hii ndogo ndiyo yenye ufundi mkubwa kuliko vyote: bila hiyo upande wa pili haulingani na wa kwanza, ikiwepo, ukingo wa nyuma hutoka na mm 1 kamili, pezi kwa pezi.

Ukingo wa mbele huviringwa mwishoni kwa msasa namba 400, mkono ukipita kidogo tu. Kitako cha pezi huachwa bapa, kwa sababu kikiviringwa gundi hukosa mahali pa kushika, na pezi hung'oka roketi inapotua.