Fundi Asiyeacha Alama

Mchonga milango wa Lamu hujulikana kwa mkono wake. Aliyezoea nakshi hizo husimama kizingitini, akatazama ua lilivyopinda na mnyororo ulivyoizunguka fremu, akasema hii ni kazi ya fulani, au ya mwanafunzi wake. Kuna ufundi mwingine ulio kinyume kabisa na huo: mkono wa fundi ukionekana tu, kazi imeharibika. Ni ufundi wa wanaoandika maktaba za programu za kuzalisha namba nasibu.

Kompyuta haijui kubahatisha. Iulize swali lile lile mara elfu, itakupa jibu lile lile mara elfu, na hilo ndilo tuliloinunulia. Hata hivyo kila siku tunaitaka ibahatishe. Mtakwimu anataka kaya za kuhojiwa zichaguliwe bila kumtegemea karani anayekwepa njia ya matope. Mchezo wa simu unataka karata zichangwe. Katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililoanza mwaka 2009 katika nchi saba za Afrika, Bagamoyo, Korogwe na Kilifi zikiwa miongoni mwa vituo vyake, zaidi ya watoto 15,000 waligawanywa katika makundi kwa nasibu. Bila nasibu hiyo, daktari mwenye huruma angempa chanjo mtoto aliyemwona dhaifu zaidi, na mwisho wa yote asingejua kama kilichowatofautisha watoto ni chanjo au ni jicho lake mwenyewe.

Basi mashine tiifu inafundishwaje ukaidi? Katika miaka ya 1940 John von Neumann alipendekeza njia fupi. Chukua namba ya tarakimu nne, izidishe kwa yenyewe, kata tarakimu nne za katikati. Hiyo ndiyo namba inayofuata. Toa kikokotoo cha simu ujaribu. Mara nyingi utaona namba zinarukaruka vizuri tu. Kisha anza na 3792. Ukiizidisha kwa yenyewe unapata 14379264, na katikati yake kuna 3792. Hutoki hapo tena. Anza na 2500, ukitanguliza sifuri ili jibu litimie tarakimu nane, yatakukuta yale yale. Von Neumann aliujua udhaifu huo, na hakuuonea haya: njia yake ikiharibika, huharibika waziwazi, mtu akaona.

Mwaka 1959 Donald Knuth, kijana wa miaka 21, alidhani tiba ni kuchafua mambo zaidi. Akatunga kanuni ya hatua kumi na tatu, yenye kuruka huku na kule kiasi kwamba msomaji asingeweza kuifuata. Alipoiendesha mara ya kwanza, ilitulia karibu papo hapo kwenye namba moja, 6065038420, ambayo ikiingia katika kanuni hiyo hutoka ilivyo. Kisa hicho amekisimulia mwenyewe katika juzuu ya pili ya kitabu chake kikubwa cha sanaa ya programu, na nadhani ni kurasa ambazo kila anayeanza kazi hii angepaswa kupewa kabla ya kupewa kompyuta. Vurugu ya mwandishi haizai vurugu ya namba.

Lakini von Neumann na Knuth walipata bahati: makosa yao yalijitangaza. Kosa la kuogopwa ni lile linalokaa kimya. Katika miaka ya 1960 kampuni ya IBM ilisambaza kizalishi kilichoitwa RANDU, kikaenea vyuoni na maabarani. Kilikuwa chepesi ajabu: zidisha namba uliyonayo kwa 65539, gawanya kwa 2 kwa kipeo cha 31, chukua baki. Ukizitazama namba zake moja moja, huoni kasoro inayoshtua. Zitazame tatu tatu sasa. Mara sita ya namba ya pili, ukitoa mara tisa ya namba ya kwanza, unapata ya tatu, ukishachukua baki kwa kigawanyo kile kile. Daima! Ukizichora tatu tatu kama nukta ndani ya mchemraba, hazitawanyiki. Zinajipanga juu ya bapa 15 tu, na kati ya bapa na bapa ni utupu. Mwaka 1968 George Marsaglia alithibitisha kwamba vizalishi vyote vya ukoo huo wa kuzidisha na kuchukua baki huangukia kwenye bapa. Ufundi ni kuzifanya bapa hizo ziwe nyingi na zikaribiane hadi pengo lisihisike. RANDU haikufanyiwa ufundi huo. Watu walikuwa wameshaitumia kukadiria mambo mazito, na hesabu zao zilipita katikati ya utupu huo bila kengele yoyote kulia.

Ndiyo maana namsifu zaidi fundi anayethibitisha kuliko anayejaribu akaridhika. Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura, Wajapani wawili, walichapisha mwaka 1998 kizalishi walichokiita Mersenne Twister, jina linalotokana na aina ya namba tasa inayobeba jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne. Kabla hakijaanza kurudia mfuatano wake, kizalishi hiki hutoa namba ambazo idadi yake ni 2 kwa kipeo cha 19,937 ukitoa 1, namba yenyewe ikiwa na tarakimu 6,002. Urefu huo ndio watu hupenda kuutaja, na kwangu si jambo kubwa, kwani hakuna mashine itakayoishi kuumaliza. Kinachonigusa ni kwamba wawili hao walithibitisha kwa hisabati, kabla mtu hajalalamika, kwamba namba zake zikichukuliwa kwa makundi, hata ya 623, zimetawanyika sawasawa katika mzunguko mzima. Walikuwa wamesoma somo la RANDU hadi mwisho. Kisha mwaka 2002 wakarudi wenyewe kurekebisha jinsi kizalishi kinavyopokea mbegu, yaani namba ya kuanzia, kwa sababu mbegu mbaya zilikuwa zikikianzisha vibaya.

Hata hapo mkono ulionekana kwa mwenye jicho kali. Pierre L'Ecuyer na Richard Simard wa Montréal walitoa mwaka 2007 mkusanyiko wa majaribio uitwao TestU01, ambao kazi yake ni kuwinda alama ya fundi, na Mersenne Twister ilianguka katika baadhi ya majaribio hayo. Isitoshe, mtu akikusanya namba zake 624 mfululizo anaweza kutabiri zote zijazo. Kwa mtakwimu hilo halidhuru. Kwa anayetengeneza nywila ni maangamizi.

Kizalishi chenyewe, hata kiwe bora, ni nusu tu ya maktaba. Nusu ya pili haina sifa wala majina makubwa, nami naipenda zaidi. Kizalishi kimekupa baiti moja, yaani namba kuanzia 0 hadi 255, nawe unataka kurusha dadu. Mwanafunzi atagawanya kwa 6, achukue baki, aongeze 1, aende zake. Lakini 256 haigawanyiki kwa 6. Uso wa 1 hadi wa 4 kila mmoja una njia 43 za kutokea. 5 na 6 zina 42. Dadu lako ni la kitapeli, na hakuna atakayegundua hadi amelirusha mara nyingi sana. Maktaba iliyoandikwa vizuri huitupa 252 na zote zinazoifuata zikitokea, ikaomba nyingine. Inapoteza muda kidogo kwa ajili ya haki ambayo mtumiaji hata hajui kwamba aliihitaji.

Kuchanga karata nako kuna mtego. Wazo la kwanza la kila mtu ni kupita karata moja moja na kuibadilisha na yoyote ile katika pakiti. Kwa karata tatu tu, njia hiyo ina mapito 27 ya kufikia mipangilio 6, na 27 haigawanyiki kwa 6, kwa hiyo lazima mipangilio mingine ipendelewe. Kanuni sahihi, ambayo Richard Durstenfeld aliichapisha kwa ajili ya kompyuta mwaka 1964, hubadilisha karata na zile tu ambazo bado hazijapangwa. Msimbo wake unatofautiana na ule mbovu kwa neno moja au mawili. Na mwaka 1999 wataalamu wa usalama Marekani walionyesha kwamba mchezo mmoja wa poka wa mtandaoni ulichanga karata vibaya, tena kwa mbegu iliyotokana na saa ya kompyuta. Walipoziona karata tano, walizijua zote zilizobaki.

Mbegu, basi. Mwaka 2006 mtunzaji wa mfumo endeshi wa Debian aliondoa mistari michache ya msimbo iliyokuwa ikileta onyo, na kwa karibu miaka miwili, hadi Mei 2008, funguo za siri zilizotengenezwa kwenye mfumo huo zilitegemea karibu namba ya utambulisho wa programu peke yake: uwezekano 32,768 kwa kila aina ya ufunguo. Kanuni ilikuwa nzima, ila imelishwa mbegu finyu. Lugha ya Python, kuanzia toleo lake la 3.6, imetenga moduli ya pekee kwa ajili ya siri, inayochota nasibu kutoka kwenye mfumo endeshi, na kuiacha Mersenne Twister ihudumie michezo na takwimu. Utengano huo naona ni busara kubwa kuliko kutafuta kizalishi kimoja cha kila kazi.

Kwa maana mwanasayansi anataka kinyume cha anachotaka mlinzi wa siri. Yeye anataka kurudia. Akiandika mbegu yake katika makala, mwenzake wa bara jingine apate namba zile zile hadi tarakimu ya mwisho. NumPy, maktaba ya hesabu inayotumika sana katika Python, ilipohamia mwaka 2019 kwenye kizalishi kipya kutoka ukoo wa PCG wa Melissa O'Neill, haikukitupa kile cha zamani. Ilikigandisha. Kasoro zake zinazojulikana zimeachwa mahali pake, kwa sababu kuna hesabu za watu zilizosimama juu yake.

Toleo hilo la NumPy la mwaka 2019 lilileta kifaa kingine kidogo cha kupokea mbegu. Waandishi wake wanajua watu walivyo: ukifungua msimbo wa wachambuzi wa data, utakuta mbegu ni 42, kwa mzaha uliotoka katika riwaya ya Douglas Adams, au ni 0, au ni 1. Wangeweza kuwakaripia kwenye mwongozo. Badala yake kifaa hicho huipokea 42, huikoroga na kuisambaza katika biti zote za hali ya mwanzo, hata aliyeandika 42 na jirani yake aliyeandika 43 wakaondoka na mifuatano isiyofanana kwa lolote.