Augustino na sifa za watu

Wasomaji wengi wa "Maungamo" ya Mtakatifu Augustino huweka kitabu chini wamalizapo sehemu ya tisa. Mwana amekwisha kubatizwa, mama yake Monika amekufa kule Ostia mwaka 387. Wanaona habari imekoma. Hasara yao! Dawa kali imo katika sehemu ya kumi.

Alipoiandika, karibu na mwaka 400, Augustino hakuwa tena kijana mpotevu. Alikuwa Askofu wa Hipo, mtu wa sala, na watu walimsifu. Basi hapo ndipo anapojichungua: je, moyo wake wapenda wema, ama wapenda kusifiwa kwa wema? Mlafi aweza kujinyima chakula, akajua kama ameshinda. Mwenye kupenda mali aweza kuigawa. Lakini mwenye kupenda sifa atajipima namna gani? Aishi vibaya makusudi, watu wasimsifu? Huo ni wazimu. Tena akisema kwamba yeye azidharau sifa, papo hapo amejisifia dharau yake.

Ndugu msomaji, mfikiri katekista, ama mkubwa wa waimbaji, anayepongezwa mlangoni mwa kanisa kisha Misa. Hakuiba, hakulewa. Akienda kuungama hana la kusema. Mimi namwogopea huyo kuliko mlevi, maana mlevi ajua anaumwa nini.

Kitabu kina upungufu, sitauficha. Katika sehemu ya pili Augustino ageuza na kugeuza, kurasa nyingi, wizi wa matunda ya mti mmoja alioufanya akiwa na miaka 16. Lakini mwanamke aliyekaa naye miaka mingi, mama wa mtoto wake Adeodato, hatajwi hata jina. Alipofukuzwa arudi Afrika, twasoma jinsi moyo wa Augustino ulivyotoka damu. Juu ya mwanamke twaambiwa kiapo chake tu, na kwamba alimwacha mtoto nyuma. Wengine husema alimfichia jina kwa heshima. Labda. Naona hata toba yaweza kumfanya mtu ajitazame mno.

Lakini katika sehemu ya kumi hajidai kuwa ameshinda. Akiri kwamba katika jambo hili Mungu amjua kuliko anavyojijua mwenyewe. Sura zenyewe ni nne tu, tangu ya 36 hata ya 39. Zasomwa jioni moja.