Majina ya Wahusika na Hukumu ya Mwandishi

Mwandishi chipukizi wa hadithi fupi nchini Kenya, hasa yule aliyepitia mitihani ya fasihi, ana mazoea ya kuwapa wahusika majina yenye kuwafichua kabla hawajatenda lolote. Tajiri mnyang'anyi ataitwa Bwana Tamaa, mkewe mvumilivu ataitwa Subira, na kijana atakayewakomboa wanyonge ataitwa Tumaini. Mbinu hii ndiyo majazi, na darasani husifiwa. Lakini msomaji akisha kumjua Tamaa kwa jina, hana la kufanya ila kungojea aanguke. Hukumu imekwisha kutolewa katika ukurasa wa kwanza. Kurasa zilizosalia ni za kuitekeleza.

Wanaoitetea mbinu hiyo humtaja Shaaban Robert, na hawakosi hoja. Katika Kusadikika (1951) mshtakiwa ni Karama na mshtaki wake ni Majivuno. Wajumbe wanaosimuliwa ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Hata hivyo, hapana budi kazi hiyo itazamwe ilivyo. Nchi yenyewe iko angani. Msomaji hatakiwi kujiuliza kama Karama ni mtu mwema; anatakiwa kupima kama nchi ile yaweza kumsikiliza mtu mwema. Fumbo limo katika sheria na utawala wala halimo katika tabia za watu, na kwa hiyo majina hayaliharibu. Katama Mkangi naye alipoita riwaya yake Walenisi (1995) alimwachia msomaji alikate jina hilo mwenyewe na kugundua kwamba wale ni sisi. Lakini kumtoa Majivuno angani na kumketisha katika ofisi ya chifu, penye foleni ya watu wanaotafuta barua za vitambulisho, ni kumfanya kinyago miongoni mwa watu.

Riwaya ya kihalisi ina njia yake. Jina la Rosa katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi limetokana na sifa mojawapo ya Bikira Maria katika litania ya Kikatoliki. Rosa ni binti wa Zakaria na Regina wa Ukerewe, na nduguze wa kike ni Flora, Honorata, Stella na Sperantia. Nyumba yoyote ya Wakatoliki wa kisiwa hicho ingeweza kuwa na majina kama hayo, na msomaji hayashuku hata kidogo. Baadaye, maisha ya binti huyu yanapokwenda mrama hadi anapojiua, jina lile lile linaanza kuchoma. Ni jina la matarajio ya wazazi na ya dini yao, aliyelibeba hakuulizwa. Vivyo hivyo katika Nyota ya Rehema (1976) ya Mohamed Suleiman Mohamed: Rehema ni jina la kila siku huko Visiwani, na uchungu wake watokana na Fuad, baba mzazi, kumnyima binti yake kile kile alichoitwa.

Mbele ya kazi hizi mwandishi wa bara hujiona fukara, ati Kiswahili si lugha ya mama yake. Yafaa akumbuke kwamba Kezilahabi alizaliwa Namagondo, katika Ukerewe hiyo hiyo, penye Kikerewe. Tena, katika suala hili la majina, yeye ni tajiri kuliko anavyodhani. Kwa Wabukusu, Wanjala na Nanjala huzaliwa wakati wa njaa, Wafula na Nafula wakati wa mvua. Kwa Wajaluo, Otieno ni wa usiku na Akinyi ni wa asubuhi. Pwani wako kina Juma na Hamisi, na kina Shida na Mashaka. Majina haya hayasemi kama mtu ni mwema au mwovu. Yanasema lililokuwapo alipozaliwa. Mzee Wanjala anayefungia mahindi ghalani huku jirani zake wakilala na njaa ni mhusika mzito kuliko Bwana Tamaa, kwani msomaji analazimika kupima mwenyewe kama huo ni uchoyo au ni hofu aliyozaliwa nayo.

Na ikiwa mwandishi hawezi kabisa kuliacha neno tamaa, basi na aliache liwe lakabu. Darasani majazi na lakabu hufundishwa bega kwa bega kama ndugu pacha, jambo ambalo limewapotosha wengi. Majazi hutoka kwa mwandishi. Lakabu hutoka kwa watu walio ndani ya hadithi, na kila aitoaye ana sababu zake. Mjane anayemwita mzee huyo Tamaa usiku jikoni, kisha asubuhi akapiga goti mlangoni pake na kumwita Baba, ameeleza habari za watu wawili kwa maneno mawili, na mwandishi hajasema kitu.