Chui wa Tingatinga: Rangi Ilivyochagua cha Kuchorwa

Sisi tunaochora kwa mapenzi tu, jioni na mwisho wa juma, hatukosi brashi wala rangi. Tunachokosa ni kitu cha kuchora. Tunapekua picha za simu, tunatazama dirishani, tunaona kila kitu kimekwisha kuchorwa na waliosomea kazi hiyo. Nikifika hapo huwa namrudia Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 bila kupita shule yoyote ya sanaa, akafariki 1972. Katika miaka hiyo michache alichora wanyama na ndege kuliko kitu kingine, na wengi huishia kusema kwamba wageni walipenda wanyama, basi.

Soko lilikuwapo kweli. Picha zake ziliuzwa Morogoro Stores, Oysterbay, walikopita wageni kununua mahitaji yao. Lakini wageni hao hao wangenunua pia Kilimanjaro na theluji yake, au machweo ya bahari. Kwa nini chui, tena chui mmoja aliyejaa ubao mzima?

Mimi jibu naliona ndani ya kopo. Alitumia rangi ya mafuta inayong'aa, ile iliyopakwa baiskeli, na rangi hiyo ina tabia zake. Ukiipaka hujisawazisha yenyewe, michirizi ya brashi ikapotea. Hufunika kabisa kilicho chini yake. Ila huanza kushika ngozi mapema, haikupi muda wa kuzungusha rangi mbili juu ya ubao hadi mwanga uingie kwenye kivuli taratibu. Machweo yanadai hasa kazi hiyo. Ukungu pia, na uso wa mzee wenye makunyanzi. Ukilazimisha, unapata tope.

Sasa mtazame chui. Hahitaji kivuli ili atambulike. Mgongo, mkia na masikio vinatosha. Kilichobaki ni madoa, na doa ndilo rangi hii inalolifanya vizuri kuliko yote: tone zito linakaa duara, linang'aa, na likikauka unaweka jingine dogo ndani yake bila la chini kuvuruga la juu. Wachoraji wa mtindo wake hadi leo hufuata mpango huo. Hupaka ubao wote rangi moja, wakaiacha ikauke. Juu yake huja mwili, nao ukauke, ndipo yafuate madoa, ndevu na kucha. Hakuna hatua hata moja inayoomba kile ambacho rangi haiwezi kutoa.

Ubao nao ulikuwa na neno lake. Hadibodi nzima ni futi nne kwa nane. Ukiikata futi mbili kwa mbili unapata vipande vinane bila kutupa hata kidogo. Lakini mraba ni umbo gumu kwa mnyama wa miguu minne, kwa sababu mwili wake ni mrefu kwenda pembeni, unaacha uwazi juu na chini. Ndiyo maana mkia unapindishwa kupanda juu ya mgongo, kichwa kinageuzwa kukutazama, na kona zinazobaki zinapewa ndege au majani. Wengi huita hayo mapambo. Kwangu huo ni ufundi wa kujaza ubao, na ni ufundi wa hali ya juu.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi. Hakuna chui aliyekaa mbele yake. Alichora kwa kumbukumbu ya mtu aliyekulia kusini, kwenye nchi ya wanyamapori, na kumbukumbu huchuja: hubakisha macho, madoa na mkunjo wa mkia. Picha ya simu haichuji chochote. Inakuletea kila unywele kwa uzito uleule, na mchoraji asiye na uzoefu anajaribu kuubeba mzigo wote. Nashawishika kwamba nusu ya udhaifu wa michoro yetu ya ridhaa unaanzia hapo, kabla brashi haijaloweshwa.

Kwa hiyo siulizi tena ni kitu gani kizuri cha kuchora. Nauliza rangi niliyonayo inapenda kufanya nini, kisha nakitafuta kiumbe kinachofanana na jibu. Kunakili chui wa Tingatinga ni kuchukua tunda la uchaguzi wa mtu mwingine. Kuna madoa mengi mengine nchini humu. Nimechora kanga, mweusi mwenye vitone vyeupe mwili mzima na kichwa kitupu cha buluu, na mwili wake wa mviringo unaujaza mraba bila kupindishwa. Sasa namwangalia taa mwenye madoa ya buluu, yule anayepatikana kwenye miamba ya pwani yetu. Mwili wake ni bapa kama ubao wenyewe. Kinachonitatiza ni mkia: ukinyooka unatoka nje ya mraba, na bado sijaamua niuzungushe upande gani.