Kusoma kwa Vipande, na Kosa Langu juu ya Kusadikika

Bwana Mtengenezaji, yapata mwaka mmoja na nusu sasa tangu nilipoandika katika kurasa hizi maneno machache juu ya kitabu cha Kusadikika, kilichotungwa na marehemu Shaaban Robert na kupigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1951. Nalisema ya kuwa kitabu kile chachosha. Ya kuwa mtunzi amekwisha toa neno lake katika safari ya kwanza, na zile tano zifuatazo ni mwangwi wake tu. Waalimu wawili walinipa heshima nisiyostahili. Waliyasadiki maneno yangu, wakakiondoa kitabu katika vile wanavyosoma na madarasa yao. Leo naandika kuyarudi maneno yale, na kabla ya kuyarudi yanipasa kueleza jinsi nilivyokisoma kitabu, maana huko ndiko kosa lilikozaliwa. Na nadhani sisi tulio wengi, tuandikao huku tumepakata watoto, tumo katika kosa hilo hilo.

Mimi ni mwalimu, tena ni baba wa watoto wanne, na usiku huandika kidogo. Alfajiri ni ya maji na uji na kutafuta kiatu kimoja kilichopotea. Mchana ni wa shule. Jioni ni ya madaftari. Darasa langu ni la watoto 52, na kila daftari lataka jicho. Watoto wakiisha lala, kama macho yangu hayajalala pamoja nao, ndipo nishikapo kalamu. Basi kusoma kwangu hupata makombo: dakika saba nikingoja maji yachemke, robo saa katika foleni ya zahanati, nusu saa barabarani gari lisipokuja. Kitabu hukaa mfukoni hata pembe zake zikawa kama masikio ya mbwa. Cha kutilia alama ukurasa ni chochote kilicho karibu: njiti ya ufagio, stakabadhi ya duka, na mara moja (nakiri) ganda la ndizi kavu, ambalo mtoto wangu wa pili alilitia kwa wema wake, akidhani ananisaidia.

Silalamiki. Viko vitabu vyenye kuvumilia maisha ya namna hii. Kisiwa chenye Hazina, kilichofasiriwa na Frederick Johnson mwaka 1929, chaweza kuachwa mahali po pote na mtu asipate hasara. Mtoto Jim yumo ndani ya pipa la matofaa, anasikia wabaya wakipanga njama zao karibu naye. Hapo mtu akiniita nikafunge mbuzi, naweza kurudi siku ya tatu nikamkuta Jim bado amezuia pumzi, na mimi nazuia yangu. Hadithi ya visa hujishika yenyewe kwa kamba. Msomaji aweza kuiachia, isianguke.

Tenzi nazo huonekana kuwa zimeumbwa kwa mtu asiye na nafasi. Ubeti una vina vyake na mizani yake, waanza na kwisha kabla maji hayajachemka. Kwa muda wa miaka mingi naliusoma Utendi wa Mwana Kupona kwa njia hiyo, ubeti huu leo, ubeti ule juma lijalo, na nikajiona mtu aujuaye. Nalijua nini? Nalijua maagizo: mke na afanye hivi mbele ya mumewe, asifanye vile. Ndivyo unavyotumiwa hata harusini. Watu huchuma beti mbili tatu kama mtu achumaye majani ya mchicha, kisha humkabidhi bibi arusi. Siku nilipousoma wote kwa mkao mmoja naliona haya. Mwenye kusema ni mjane aliye mgonjwa, yapata mwaka 1858, naye amwita binti yake aje karibu na wino na karatasi kwa sababu aona siku zake si nyingi. Yale maagizo ya mume yamewekwa kati ya ugonjwa wa mama upande huu na sala yake ndefu upande wa pili, na katikati yake amkumbuka mumewe jinsi walivyokaa pamoja. Mtu aondoaye beti za katikati amebaki na orodha ya amri tu. Mama amepotea. Na mimi kwa miaka mingi nalisoma nyumba isiyo na mwenyewe.

Hapo ningalifahamu hatari ya makombo, walakini sikufahamu, na Kusadikika nalikisoma vivyo hivyo, muda wa majuma saba. Kwa ajili ya wasiokijua nasema: Kusadikika ni nchi iliyo angani. Mtu mmoja, Karama, ashitakiwa na waziri Majivuno kwa sababu ametaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Akisimama kujitetea, ajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani pande sita: mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alikwenda, akapata taabu, akaona mambo ya kufaa, akarudi na shauri jema; na kila mmoja malipo yake yalikuwa kifungo. Nikisoma safari moja, nikaiacha siku tisa, kisha nikasoma nyingine, nalisema moyoni: hii si ile ile? Na kwa kuwa nalikuwa nimesahau nusu ya ile iliyotangulia, kilichobaki kichwani ni umbo lake tu, kwenda na kurudi na kufungwa. Vitu vyote vilivyozitenga safari hizo vilikuwa vimemwagika njiani.

Tena lilikuwako jambo la pili, nalo ni la aibu zaidi. Mtu aandikaye hasomi kama watu wengine. Asoma kama mpishi alaye kwa jirani: aonja chumvi, auliza moyoni bizari imetiwa lini, na mwisho aondoka mezani hajui kama ameshiba. Mimi nalikuwa nimeahidi ukurasa mmoja kwa gazeti hili, na siku ya kuupeleka ilikuwa karibu. Kwa hiyo sikukisoma kitabu nipate kukijua. Nalitafuta ndani yake neno la kuandika, na neno la kwanza nililoliona, yaani kule kurudiarudia, nalilikamata kama mtu aliyepata sarafu njiani, nikaenda zangu.

Mwaka huu mama watoto alikwenda kwao kujifungua mtoto wetu wa nne, nami nikabaki na watatu. Binti yangu mkubwa ana miaka kumi na miwili. Jioni moja nalikuwa nikisonga ugali, mikono miwili imeshikwa, naye akanijia na kitabu kile cha Kusadikika, akasema mwalimu wake amewaagiza kusoma kwa sauti nyumbani. Nalimwambia asome. Akasoma safari moja yote, maana ugali ulikuwa mwingi na mboga ilikuwa haijaiva. Kesho yake akasoma nyingine. Jioni ya tatu alipofika mwisho hakufunga kitabu, alikunja vidole vyake akihesabu, akaniuliza, “Baba, basi sasa wamekuwa watatu gerezani. Na wale wa kwanza bado wamo? Hapana mtu aliyekwenda kuwatoa?”

Nalimjibu, “Bado wamo, mwanangu.” Kisha nikakaa kimya, hata ugali ukashika chini.

Maana mimi nalihesabu maneno yaliyorudiwa, na yeye alihesabu watu waliofungwa. Mjumbe wa pili si mwangwi wa mjumbe wa kwanza. Ni mtu wa pili aliye gizani. Karama hasimulii ili awafurahishe mabwana wa baraza, hata aombwe kubadili hadithi. Yeye ni mtetezi, na kazi ya mtetezi ni kuleta mashahidi. Angalileta mmoja, Majivuno angalisema ni bahati mbaya. Angalileta wawili, angalisema ni makosa ya wakati ule. Alipoleta sita, tena wa pande zote ziwezazo kuelekewa na mwanadamu, hapakuwa na upande uliobaki wa kukimbilia. Kule kufanana kwa safari, nilikokuita udhaifu wa mtunzi, ndiko ushahidi wenyewe: dhuluma ya Kusadikika haikuwa ajali, ilikuwa desturi. Na desturi haionyeshwi kwa kisa kimoja. Mwisho wa kitabu Karama afunguliwa pamoja na wale sita, na msomaji aliyewasahau njiani, kama nilivyowasahau mimi, hawezi kuiona furaha ile. Aona tu kwamba hadithi imekwisha.

Nimejiuliza kama nisingalikosa kwa kukisoma chote siku moja. Pengine nisingalikosa, lakini baba wa watoto wanne haipati siku hiyo, na sidhani ya kuwa kitabu chaitaka. Baraza lake lasikiliza safari kwa safari, nasi jikoni kwetu tulisikiliza hivyo hivyo: safari nzima kila jioni, kwa jioni sita zilizofuatana. Kipande chenye kichwa na miguu ni kitu kingine, si sawa na kombo. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, tena baba aliyefiwa na mkewe Amina na kuachiwa watoto. Katika Maisha Yangu aliwatungia binti yake na mwanawe utenzi kila mmoja, Hati na Adili, na zote mbili zaonyesha mtu aliyejua kusema na mtoto kwa kipimo cha mtoto. Sisemi ya kuwa alikigawa Kusadikika kwa kukusudia watu wenye ugali motoni. Nasema tu ya kuwa kimegawanyika hivyo, na mimi sikufuata migao yake, nalikata mahali nilipoitwa.

Mtu asidhani kwamba sasa naona kila kitu ni chema. Watu wa Kusadikika wamevaa majina yao kama sare za kazi: ukisikia jina la Majivuno umekwisha jua atakalosema, na mtunzi hajamwachia hata mara moja afanye tendo lisilotarajiwa. Napenda mwovu mwenye shaka kidogo. Tena wanawake ni wachache mno katika nchi ile. Binti yangu alilitaja hilo jioni ya tano, nami sikuwa na jibu. Hotuba za Karama nazo hupanda juu mahali pengine hata mtoto wangu wa pili akalala kabla ya mboga, ingawa yeye hulala hata katika harusi.

Wale waalimu wawili nimewaandikia barua. Mmoja amejibu ya kwamba kitabu kimerudi darasani, naye atakisoma na watoto kwa siku sita, saa ya mwisho kabla ya kengele. Wa pili hajajibu. Labda naye amelitia kombo la barua yangu mfukoni, angoja maji yachemke. Sisi nyumbani tumeanza Wasifu wa Siti binti Saad. Mama watoto amerudi na mtoto mchanga, na kwa kuwa mtoto yule hulia kila saa mbili usiku, twasoma mapema zaidi, sura moja, na mlango twaufunga.