Podman: Nimeivunja Linux Mara Tatu, Kompyuta Iko Salama

Jamani, nimefuta /bin, /usr na /lib kwa amri moja, na kompyuta yangu bado inafanya kazi kama kawaida! Naandika haya kwenye kompyuta hiyohiyo.

Kilichoniwezesha ni Podman, programu ya kuendesha kontena iliyotoka Red Hat. Nimeisakinisha jana usiku kwenye mpakato wangu wa Ubuntu kwa mstari mmoja tu: sudo apt install podman. Niliombwa nenosiri mara hiyo moja. Baada ya hapo kila nilichofanya nimekifanya kama mtumiaji wa kawaida, na hilo nitalirudia kwa sababu ndilo lililonikosesha usingizi.

Nikaandika podman run -it --rm docker.io/library/alpine. Imeji ya Alpine ikashuka, chini ya MB 5, bando halikutikisika, na mara nikajikuta ndani ya Linux nyingine kabisa yenye faili zake na programu zake. Nikauliza whoami, ikajibu root. Basi nikaanza uharibifu: rm -rf /bin /usr /lib. Nikajaribu ls, haipo! Mfumo mzima umefia mikononi mwangu. Nikatoka, nikarudia amri ileile ya mwanzo, na Alpine mpya ikasimama, nzima, kabla sijameza mate. Nimerudia mara tatu kwa raha tu.

Kasi hiyo inatokana na jambo moja: hapa hakuna mashine pepe inayowashwa. Kontena ni mchakato wa kawaida wa Linux uliozungushiwa ukuta. Kiini cha Linux ni kilekile, ila kinauonyesha mchakato huo faili zake peke yake, mtandao wake peke yake, na kinaweza kuupimia kumbukumbu kwa cgroups, uwezo ulioingia kwenye Linux mwaka 2008.

Sasa lile la usingizi. Docker, programu nyingine ya kontena, ambayo Solomon Hykes aliionyesha hadharani mwaka 2013 na ambayo inatudai sote shukrani, kwa kawaida huwa na programu inayokesha nyuma ya pazia ikiwa na mamlaka ya root. Podman haina mkeshaji huyo. Nilianzisha sleep 500 ndani ya kontena nikiwa root, nikafungua dirisha jingine na kuandika ps aux: mwenye mchakato ni mimi, kwa jina langu la kawaida! Uroot wa ndani unaishia mlangoni. Mtu akifanikiwa kuuruka ukuta ule, atatua nje akiwa na mamlaka yangu tu, si ya root. Huo ni uhandisi wa kuupigia saluti.

Kazi halisi je? Nimewasha hifadhidata za PostgreSQL 13 na PostgreSQL 16 kwa wakati mmoja, moja kwenye poti 5433, nyingine 5434, na hazikugombana. Nani aliyewahi kusakinisha matoleo mawili kwa mkono asifurahi?

Kasoro zipo. Poti 80 ilikataa, kwa kuwa mtumiaji wa kawaida hapewi poti zilizo chini ya 1024. Nikahamia 8080 na seva ya wavuti ya Nginx ikafunguka kwenye kivinjari. Data nayo hupotea kontena likifutwa, kwa hiyo hifadhidata unayoijali ipe voliyumu yake, yaani hifadhi iliyo nje ya kontena, tangu mwanzo. Walio na Windows au Mac watahitaji Linux ndogo ya pembeni, ambayo podman machine huiandaa yenyewe.

Na wazoefu wa Docker wasihofu: amri nyingi ni zilezile.

Isakinisheni leo! Ila anayetaka kurudia jaribio langu la kufuta ahakikishe kwanza kwamba mstari wake unaanza na / #. Hiyo ndiyo alama kwamba uko ndani ya Alpine.